Pazia la Kompyuta: Lasitiri au Lafedhehesha?

Jumamosi moja ya Julai 2025, baada ya sala ya alasiri, tulikusanyika jamaa kiasi cha watu kumi na watano katika sebule ya dada yangu, Mji wa Kale hapa Mombasa, kuwapokea washenga. Binti anayeposwa, mwana wa dada yangu huyo, hakuwapo. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Gatuanyaga, mashariki ya mji wa Thika, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, na shule zilikuwa hazijafungwa. Kijana mposaji naye yuko Maskati kwa kazi. Ikaamuliwa basi watu waonane kwa kompyuta, ili mama wa kijana apate kumtia binti machoni, na binti naye ajibu kwa kinywa chake kama ameridhia. Kompyuta ikawekwa juu ya meza, kando ya sinia ya haluwa na buli la kahawa, na mwanangu wa kiume akaifungua.

Binti akatokea. Nyuma yake palikuwa na pwani: mchanga mweupe, minazi mitatu na bahari ya samawati. Watu wakacheka kwa furaha, kwani kila mmoja alijua kwamba Gatuanyaga hapana bahari. Kuna Kilimambogo kwa mbali na baridi ya Julai isiyo na huruma kwa mtu wa pwani. Lakini kicheko hakikudumu. Binti alikuwa amevaa buibui na mtandio mweusi, na kila alipoinamisha kichwa kwa haya, mtandio ukamezwa na mchanga, kikabaki kipande cha uso kinaelea juu ya mawimbi. Mama wa kijana akauliza taratibu, "Mbona mtoto hana mabega?" Tukasema ni mtandao.

Kisha ikafika pale penyewe. Binti akaulizwa lile swali na watu wote wakanyamaza. Katika ukimya ule ukatokea mkono nyuma ya minazi. Mkono mzima, wa koti zito la kijivu, ukapita nyuma ya shingo yake, ukapotea, ukatokea tena upande wa pili pamoja na kipande cha bega, kisha ukatoweka kabisa. Binti alikuwa akitutazama sisi, hakuona kitu.

Msomaji wangu hana haja ya kuelezwa mkono wa namna hiyo una uzito gani katika kikao cha posa. Mshenga mkuu aliinamia kikombe chake kana kwamba anatafuta kitu ndani yake. Shangazi mmoja wa upande wa pili alimnong'oneza mwenzake, na dada yangu, aliyekuwa nyuma ya pazia la mlango, akabadilika rangi. Mimi ndimi mjomba, na ndimi niliyekuwa karibu na kompyuta. Nikasema, "Mwanangu, iondoe hiyo picha ya bahari tukuone ulipo." Akajibu, "Mjomba, sijui inaondolewa wapi, nimewekewa na mwenzangu." Zikapita dakika nne. Nimepata kungoja hukumu mahakamani nikiwa mwandishi wa habari, na sikuona dakika ndefu kama zile.

Picha ilipoondoka tuliona chumba kimoja cha mawe ya kuchonga yasiyopigwa lipu, vitanda viwili, jiko la gesi, na msichana mfupi aliyevaa koti lifikalo magotini, birika mkononi. Ni mwalimu mwenzake, wanakaa pamoja ili kupunguza kodi. Alikuwa amekwenda kuepua maji. Akatusalimu kwa adabu, mama wa kijana akamwuliza kama baridi huko ni kali namna hiyo, na posa ikaendelea. Hata hivyo usiku ule nililala kwa shida. Nilijiuliza: je, kama tungeona haya kuuliza? Washenga wangeondoka kwa heshima, wangetuma salamu nzuri, na jibu lisingekuja. Wala binti asingejua katu kosa lake ni nini.

Mambo haya hayakutupata sisi peke yetu. Machi 2017 profesa mmoja Mmarekani, Robert Kelly, aliyekuwa akifundisha Busan huko Korea ya Kusini, alihojiwa na BBC kwa kompyuta kutoka nyumbani kwake, na katikati ya maneno mazito ya siasa watoto wake wawili wakaingia, na mama yao akaja mbio kuwatoa. Dunia nzima ilicheka. Ila wako wengi waliomwona mama yule, Mkorea, wakamhukumu papo hapo kuwa ni yaya, ilhali ndiye mke. Katika mahojiano yale hapakuwa na minazi ya bandia wala ukungu wa kompyuta. Watu walimwona mzima mzima na bado wakakosea. Basi itakuwaje pale mashine inapomkata mtu vipande, ikaonyesha mkono ikaficha uso?

Wiki mbili baadaye nilikuwa na safari ya Nairobi, nikaona nifike Gatuanyaga kwa siku mbili nijionee, nikalala kwa rafiki yangu Thika mjini. Kulikuwa na mazungumzo ya pili yanangojwa, ya mahari na tarehe, na dada yangu aliniapiza kwamba mkono usionekane tena. Tukakaa watatu, mimi na mpwa wangu na yule mwenzake, tukaichunguza ile kompyuta kama fundi anavyochunguza injini ya mashua. (Wataalamu wa lugha walitupa neno tarakilishi, na mimi ni miongoni mwa waliolishangilia, lakini watu wanasema kompyuta na nimechoka kushindana nao.)

La kwanza nililojifunza ni kwamba kamera haijui ipi ni nyumba na yupi ni mtu. Yenyewe inachukua picha tu, kiasi cha 30 kwa kila sekunde, na kila picha ni mkusanyiko wa nukta nyingi za rangi. Programu ndiyo inayopitia nukta hizo ikiamua: hii ni ya mtu, ibaki, hii si ya mtu, ifutwe na mahali pake pawekwe mnazi. Imefunzwa kazi hiyo kwa kuonyeshwa picha nyingi mno za watu ambazo mipaka yao imekwisha kuchorwa, mpaka ikapata mazoea ya kukisia. Nasema kukisia kwa makusudi. Hakika haina. Ikikuta nguo nyeusi mbele ya kivuli cheusi, haioni mpaka, basi hukata popote.

Na hapo ndipo ulipotoka ule mkono. Programu inaulizwa kama kitu ni cha mtu au si cha mtu; haiulizwi ni mtu gani. Mkono wa mwenzake ni wa mtu, kwa hivyo ukabakizwa. Uliporudi kivulini, programu ikashindwa kuutambua na kuufunika kwa bahari. Kwa maneno mengine, pazia hili huficha vitanda, sufuria na nguo zilizoanikwa, lakini halina ahadi ya kumficha binadamu apitaye nyuma. Anayelitegemea kwa kazi hiyo amejitegemeza kwa ukuta wa karatasi.

Kinyume chake nacho tulikiona. Mpwa wangu hufundisha Qur'ani jioni, watoto wawili wa jamaa zetu walioko Uingereza, na alikuwa akishangaa kwa nini kila akiinua msahafu kuwaonyesha herufi, watoto husema, "Mwalimu, hatuoni kitu." Tukajaribu. Kweli, msahafu ukiinuliwa unayeyuka, na vidole vinabaki vimeshika hewa. Programu imefunzwa mtu, haikufunzwa kitabu. Mwalimu yeyote wa chuo anayefundisha kwa njia hii aizime picha ya nyuma kabla ya kufungua juzuu, asije akadhani watoto ni wakaidi.

Wala si nguo na vitabu peke yake. Septemba 2020 mtafiti mmoja wa Kanada alieleza hadharani jinsi mwenzake, mtu mweusi, alivyokuwa akipoteza kichwa kila alipoweka mandhari ya bandia katika programu ya Zoom. Mwili ulibaki, kichwa kikaondoka, na tufe jeupe la ramani lililokuwa nyuma yake ndilo lililoonekana kufaa zaidi kuwa uso. Baada ya picha ile watu wengi walianza kuuliza mashine hizi zimefunzwa kwa sura za nani. Ni swali la haki, na sisi tunaovaa mitandio, kofia na vilemba tuna sehemu yetu ya kuuliza. Programu zimeendelea tangu wakati huo, lakini mabega ya mpwa wangu yalipotea mwaka 2025.

Nirudi kwa yale tuliyosema sebuleni, kwamba "ni mtandao". Haikuwa kweli, japo hatukukusudia uongo. Kazi ya kukata mtu na kuweka mnazi hufanywa ndani ya kompyuta yako mwenyewe kabla picha haijasafirishwa. Mtandao ukiwa dhaifu, picha nzima hukwama au hufifia, sauti ikakatika. Lakini bega likimezwa na mchanga huku sauti inakuja safi, mtandao hauna hatia. Makosa yamo chumbani, nayo kwa kawaida ni mwanga, rangi au uzee wa mashine.

Mwanga ndio mkubwa wao. Chumba cha mpwa wangu kina dirisha moja, naye alikuwa amelipa mgongo. Kamera ikiona dirisha linang'aa hujipunguzia nuru ili lisiunguze picha, na hapo uso ulio mbele ya dirisha huwa kiza. Katika kiza picha hujaa chembechembe, mipaka hutetemeka, na programu huanza kuramba masikio. Tukaigeuza meza, akalielekea dirisha. Hatukufanya jingine lolote, na nusu ya maradhi ikapona. Taa ya darini pekee haikutosha; taa ndogo ya mezani iliyowekwa nyuma ya kompyuta, ikimwangaza usoni, ilifaa sana usiku.

Hapa kuna kisa ambacho kimenigusa, nacho ndicho kinachofanya nisiitukane hii programu moja kwa moja. Ule ukungu unaowekwa nyuma ya mtu katika programu ya Teams ya Microsoft, uliotolewa mwaka 2018, ulitokana na wazo la mhandisi wa kampuni hiyo, mwanamke mwenye asili ya India, ambaye ni kiziwi na hufuata maneno kwa kuangalia midomo. Alikuwa akizungumza na wazazi wake kwa picha, na taa kali nyuma yao ikamzuia kuisoma midomo yao. Akafikiri: laiti ningeweza kukififisha kilicho nyuma nikabaki na nyuso za wazee wangu. Basi ukungu haukubuniwa ili watu wafiche vyombo visivyooshwa. Ulibuniwa ili mtoto awaone wazazi wake wanasema nini.

Rangi ni jambo la pili. Mtandio mweusi mbele ya ukuta wa mawe ya kijivu chumbani penye kiza ni mtihani hata kwa jicho la mtu. Tulijaribu mtandio wa maziwa, mabega yakarudi. Tukajaribu tena ule mweusi, lakini safari hii mbele ya shuka nyeupe iliyotundikwa, nao ukakaa. Kwa hivyo si lazima mwanamke abadilishe vazi lake ili mashine imkubali. Abadilishe ukuta. Kiti nacho kina fitina: kile chenye kichwa kirefu huhesabiwa kuwa sehemu ya mwili, ukaonekana una mabawa. Kaa katika kiti kifupi, na usogee mbele ya ukuta kama hatua mbili, kivuli chako kisiugandame mgongo wako.

Ama mashine yenyewe, ya mpwa wangu ilinunuliwa imekwisha kutumika, na kazi ya kukata picha 30 kila sekunde ni nzito. Kompyuta kongwe ama hukunyima kabisa kitufe cha mandhari, ama hukupa kisha ikapwelewa. Funga programu nyingine zote, chomeka umeme badala ya kutegemea betri, na ikiwa bado inahema, tumia ukungu badala ya picha, au usitumie chochote. Kuna na kosa la kuweka mapazia mawili: baadhi ya kompyuta mpya zina ukungu wao wenyewe katika mipangilio ya kamera, na programu ya mazungumzo ina wake. Vikiwashwa vyote viwili, kila kimoja hukata kwa mkasi wake, masikio yakaondoka. Zima kimoja. Na wakati mwingine kamera huwa giza tupu kwa kuwa programu nyingine imeishika, au kwa kile kifuniko kidogo cha kuteleza juu ya lenzi, ambacho mtu hukisahau halafu akaita fundi.

Nisisahau kioo. Mwenzangu mmoja, imamu, aliweka nyuma yake picha ya Basmala kwa hati nzuri ya thuluthi. Akajiona, hati imegeuka kinyume. Akaona ni makosa makubwa, akaigeuza picha, na kwa mwezi mzima wanafunzi wake wakawa wanaiona Basmala kinyumenyume na kunyamaza kwa adabu. Programu hukuonyesha wewe mwenyewe kama kioo. Wenzako wanakuona sawasawa. Ukiona maandishi yako kinyume, yaache.

Tena kuna kitambaa cha kijani. Programu nyingi zina mahali pa kuieleza mashine kwamba nyuma yako pana kitambaa cha rangi moja, na hapo haikisii tena umbo la mtu. Hufuta tu kila chenye rangi ile. Ukikidai huna, itachagua rangi yoyote na kufuta hata mashavu. Na ukiwa nacho kweli, usivae kanga yenye kijani. Ujanja huu ni wa zamani kuliko kompyuta. Filamu ya mwizi wa Baghdad iliyotolewa mwaka 1940, iliyochezwa na Sabu, kijana wa Kihindi, na Mmarekani mweusi Rex Ingram akiwa jini, ilimpatia tuzo la Oscar fundi wake Lawrence Butler kwa njia hiyo hiyo, isipokuwa rangi ilikuwa buluu. Jini la kwanza kutolewa chupani kwa rangi ya nyuma lilikuwa la Alfu Lela U Lela. Sisi tulioingia sinema utotoni kwa kujificha na walimu wetu wa chuo hatushangai.

Na hata kabla ya sinema, watu wetu walikuwa wakipigwa picha mbele ya mahali wasipokuwapo. Zanzibar kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Lamu alikuwako marehemu Omar Said Bakor, aliyekuwa fundi wa kukata picha na kubandika hata ukashindwa kujua mshono uko wapi. Na hapa Mombasa, miaka ya tisini, palikuwa na wapiga picha wa Likoni, karibu na feri, waliotundika vitambaa vilivyochorwa meli, ndege na miji ya mbali. Wengi wao walikuwa watu wa bara, na wateja wao wengi pia watu wa bara waliokuja kutafuta kazi: mtu anasimama mbele ya meli iliyochorwa, anapeleka picha kwao. Ghasia za Agosti 1997 ziliwatawanya, na baadaye wengine wakarudi. Nilikuwa nikipita pale kijana, nikiwacheka kidogo. Sasa namwona mwana wa dada yangu yuko bara, anatundika bahari ya uongo nyuma yake ili kuwapelekea watu wa pwani, na kicheko changu cha zamani kimenirudia.

Ila kitambaa cha Likoni kilikuwa na uaminifu ambao pazia la kompyuta halina. Kila mtu aliona ncha yake, aliona vumbi la barabara chini ya meli. Hakuna aliyedanganyika. Mpiga picha hakumkata mtu mkono. Na mtu aliyekuwa akipita nyuma ya kitambaa, alikuwa nyuma ya kitambaa.

Sasa tuingie katika lile lililo letu. Wako wanaosema kuficha chumba ni kujionyesha, kwamba mwenye nyumba ya mawe yasiyopigwa lipu haoni haya kwa Mwenyezi Mungu kwa nini aone haya kwa washenga. Mimi sikubaliani nao. Nyumba zetu za pwani zilijengwa kwa stara: daka nje kwa ajili ya wageni, kisha ukumbi, kisha ndani, na mlango umepindishwa ili jicho la njiani lisifike uani. Suratun Nur yatufundisha, kuanzia aya ya 27, tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini na kusalimu. Na katika hadithi iliyopokewa na Sahl bin Saad, ya mtu aliyechungulia tunduni nyumbani kwa Mtume s.a.w., tunaelezwa kwamba idhini hii imewekwa kwa sababu ya jicho. Kamera ni tundu. Mwalimu anayekaa na mwenzake chumba kimoja ana haki, na mwenzake ana haki zaidi kwa kuwa hakualikwa katika mazungumzo, ya kutofunuliwa kitanda chake mbele ya watu kumi na watano wa Mombasa. Kwa darsa, kwa mkutano wa kazi, kwa mahojiano ya kutafuta kibarua, ukungu ni stara, nami nausifu.

Lakini ndoa na ushahidi ni mlango mwingine. Huko linalotakiwa ni kujulikana. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa lilipokutana Jeddah Machi 1990, katika azimio lake nambari 52, liliruhusu mikataba ifungwe kwa vyombo vya mawasiliano vya kisasa, lakini likaitoa nikahi nje ya ruhusa hiyo, kwa sababu nikahi yataka mashahidi. Miaka thelathini baadaye, Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga milango, Falme za Kiarabu zilianzisha utaratibu wa kufunga ndoa kwa mtandao na shekhe akiwaona wahusika kwa picha. Wanavyuoni wanatofautiana, nami si mufti. Ninaloliona kama mwandishi ni kwamba hata wanaoruhusu wanategemea jicho la shahidi, na jicho la shahidi haliwezi kushuhudia minazi. Ni nani yuko chumbani? Je, binti yuko peke yake, au kuna mtu pembeni anayemkazia macho aseme ndiyo? Tangu Machi 2020 mahakama zetu za Kenya zinasikiza kesi nyingi kwa picha, na swali hilo hilo linamhusu shahidi aliyeko mbali: nani yuko nyuma ya kamera anamwashiria? Kwa rai yangu, katika posa, nikahi, wosia na ushahidi, picha ya nyuma na ukungu vyote vizimwe, na kompyuta izungushwe taratibu chumba kizima kabla ya neno la kwanza, kwa idhini ya wanaokaa humo. Ni haya ya nusu dakika. Ile yetu ilikuwa ya dakika nne na ilitushika bila kujiandaa.

Upande wetu tulikubaliana hivyo. Nikahi itafungwa Mombasa, Mfunguo Sita, watu wote wakiwa kikao kimoja, na kijana atamwakilisha nduguye kwa wakala kutoka Maskati. Mama wa kijana aliyakubali hayo kwa furaha zaidi kuliko nilivyotarajia. Nadhani naye hakulala vizuri.

Jioni ya mazungumzo ya pili nilikuwa mimi mwenyewe huko Gatuanyaga, upande wa pili wa kamera. Tulitundika shuka nyeupe kwa misumari miwili, dirisha mbele ya uso, taa ndogo nyuma ya kompyuta, programu nyingine zote zimefungwa. Mpwa wangu alivaa mtandio wake mweusi ule ule. Mabega yote mawili yalikuwapo. Mwenzake, kwa adabu zake, alichukua kikombe chake cha chai akaenda kukaa nje kizingitini na lile koti, ingawa tulimwambia hapana haja. Mahari yalizungumzwa, tarehe ikatajwa, Fatiha ikasomwa pande zote mbili, ya kwetu ikichelewa kidogo nyuma ya yao.

Kabla ya kuagana mama wa kijana akasogeza uso wake karibu na kamera mpaka tukaona pua peke yake, akauliza, "Na yule msichana wa birika, yuko wapi leo?"

Binti akamwita. Akaingia anatetemeka kwa baridi, akasimama mbele ya shuka, na mazungumzo yao wawili yakawa marefu kuliko yetu ya mahari.